Bahati Huchagua Siku: Mhadhara Kuhusu Kudumu kwa Gari

Ndugu zangu, wake kwa waume, asanteni kwa kufika. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kabla sijaanza naomba nipitishe kitu hiki kuanzia safu ya mbele, kiende hadi nyuma. Ni buti ya raba, ile inayovalishwa kwenye sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu za injini kwenye gurudumu la mbele huku gurudumu lenyewe likiwa linakata kona. Ina mikunjo kama kodiani. Ukiishika hivihivi utaapa ni nzima. Sasa ipinde, uutanue mkunjo wa pili kuhesabu kutoka upande mpana. Utaona ufa, urefu wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Usimpe jirani yako kabla hujauona mwenyewe.

Ufa huo ndio ulioua jointi. Grisi ilikuwa inarushwa nje kidogokidogo kila gurudumu lilipozunguka, na mahali pake pakaingia mchanga na maji. Ndani ya jointi ya aina ile kuna golori sita za chuma zinazocheza kwenye mifereji iliyosuguliwa ikang'aa. Mchanga ukishachanganyika na mabaki ya grisi unakuwa msasa. Siku zikapita, gari likaanza kulia ta-ta-ta-ta kila lilipokata kona kali. Mwenyewe alipolileta aliniambia kwa uchungu wa kweli: "Fundi, mimi na magari hatuna bahati. Ng'ombe wa maskini hazai."

Nilimheshimu, kwa sababu alikuwa anasema alichokiona. Jana gari limetembea vizuri, leo linagonga. Kwa macho yake hakuna kilichotokea kati ya jana na leo, na sisi binadamu jambo likija bila chanzo cha kuonekana tunalipa jina: bahati, mkosi, nuksi. Lakini kingo za ule ufa zilikuwa kavu na ngumu, na grisi iliyoruka ilikuwa imeganda kwenye vyuma vya jirani ikashika vumbi tabaka kwa tabaka. Buti ile ilipasuka miezi mingi nyuma. Miezi yote hiyo ingeweza kubadilishwa peke yake, ikatiwa grisi mpya, na jointi ikaendelea na maisha yake.

Nimeombwa kujibu kama gari kudumu ni bahati au ni matunzo. Bahati ipo. Fundi anayekuambia haipo bado hajafungua magari ya kutosha. Ila katika kazi hii nimejifunza kwamba bahati na matunzo kila moja ina kazi yake. Bahati huchagua siku ambayo kitu kitaharibika. Matunzo huchagua ni vingapi vitakwenda pamoja nacho. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote nitakayosema ni kulifafanua.

Nianze na bahati yenyewe, niipe haki yake.

Wanaosomea uimara wa mitambo wana mchoro wanaouita mchoro wa beseni, kwa kuwa mstari wake una umbo la beseni la kuogea lililokatwa katikati. Unaanza juu, unashuka, unakaa tambarare muda mrefu, kisha unapanda tena. Mwanzoni ni ubovu wa utotoni: kitu kimetoka kiwandani na kasoro, au kimefungwa vibaya, kinakufa mapema. Mwishoni ni uzee: raba imekauka, chuma kimelika. Katikati, pale palipo tambarare, ndipo makao ya bahati. Mhandisi wa Sweden, Waloddi Weibull, alichapisha mwaka 1951 hesabu ambayo kwa kubadilisha namba moja tu inaeleza hali zote tatu, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Kwenye ile sehemu tambarare kitu cha mwaka jana na kitu cha miaka mitano vina hatari ileile ya kufa kesho. Diodi, kipande kidogo cha umeme ndani ya alteneta, ile jenereta ya gari, inakatika. Kihisio kinakufa. Jiwe linaruka kutoka kwenye tairi la lori na kutoboa rejeta. Hapo mtunzaji na mzembe wako sawa, na mzembe hana haki ya kumcheka mtunzaji.

Kuna na bahati ya kiwandani, ambayo ni nzito zaidi. Mnakumbuka mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofutuka kumlinda aliye ndani gari likigonga. Kampuni ile ilitumia amonia nitrati kama baruti ya kuupuliza mfuko, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya ajali ililipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kopo lake la chuma na kurusha vipande kwa watu waliopaswa kuokolewa. Watu walikufa. Makumi ya milioni ya magari duniani yaliitwa yarudishwe, na kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2017. Mwenye gari hata angebadilisha oili kila wiki asingegusa tatizo lile. Hata hivyo, hata hapo kuna kitu kimoja kilichokuwa mikononi mwake: kuangalia namba ya chasisi kwenye orodha ya mtengenezaji, kujua kama gari lake limeitwa, na kulipeleka. Wako waliopokea barua wakaiweka droo. Nawaomba sana, kama hujawahi kuiangalia namba ya chasisi ya gari lako kwa jambo hili, usilale leo bila kuiangalia.

Sasa niwageukie wale wanaosema matunzo ni hadithi za mafundi za kujitafutia kazi. Kila mhadhara wa namna hii hujitokeza mtu akanisimulia habari za mjomba wake. Mjomba hakubadilisha oili miaka na miaka, alikuwa anaongeza tu, na gari lilimfikisha kilomita laki tatu. Mimi naiamini hadithi hiyo. Ninachouliza ni hiki: wajomba wengine wako wapi? Yule ambaye injini yake ilinoki kwenye kilomita elfu tisini hana cha kusimulia kwenye mikusanyiko. Gari lake liliuzwa chuma chakavu na habari zake zikaisha siku hiyo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanahisabati Abraham Wald, akifanya kazi na kundi la wanatakwimu wa Columbia University, alikokotoa udhaifu wa ndege za kivita kwa kutumia zile zilizorudi na matundu ya risasi. Mtu wa haraka angesema tuziongezee bamba pale penye matundu mengi. Wald alifikiri kinyume. Hizi zimerudi, kwa hiyo matundu haya yanavumilika. Pale pasipo na tundu ndipo palipopigwa ndege ambazo hatuzioni, kwa sababu hazikurudi. Gari la mjomba ni ndege iliyorudi. Ukitaka kujua madhara ya oili chafu, nenda ukatazame yaliyolala nyuma ya gereji na nyasi zimeota kwenye magurudumu.

Na upande wa pili wa hadithi hiyo yuko Irv Gordon, mwalimu wa shule kutoka New York, aliyenunua Volvo P1800 mwaka 1966. Mwaka 2013 gari lile lilitimiza maili milioni tatu, yaani kilomita kama milioni nne na laki nane, na yeye ndiye dereva siku zote. Watu hutaja gari hilo kama muujiza wa kiwanda. Gordon alikuwa mtu wa kufuata kitabu cha gari, oili kwa wakati, vitu vya kubadilisha kwa wakati. Lakini kuna jambo la tatu ambalo halitajwi sana na mimi nalipa uzito mkubwa. Gawanyeni kilomita zile kwa miaka 47. Zinafika karibu laki moja kwa mwaka. Hizo ni safari ndefu, injini imepata joto lake, inatembea kwa mwendo mmoja saa nyingi. Injini huumia zaidi pale inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijafika kila mahali na vyuma havijatanuka vikakaa vipimo vyake. Gari lenye kilomita chache za safari fupifupi linaweza kuwa limechoka kuliko lenye kilomita nyingi za njia kuu. Kwa hiyo mtu akisema "gari hili limetembea kidogo sana" mimi huuliza: limetembeaje?

Hebu sasa tukae kwenye kuchemsha, maana hapo ndipo nimeona injini nyingi zaidi zikizikwa.

Mpira mmoja wa maji umepasuka. Tuseme ni bahati mbaya tupu: mpira ni mpya, una kasoro ya kiwandani, hakuna ambaye angeiona. Maji yanamwagika barabarani. Dereva wa kwanza ana mazoea ya kuitupia jicho geji ya joto kama anavyokitupia kioo cha pembeni. Anaona mshale umepita mahali pake pa kila siku. Anaegesha, anazima, hagusi kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe, anaita msaada. Amepoteza mpira, kulanti (yale maji ya kupoozea injini) na nusu siku.

Dereva wa pili hajui mshale wake hukaa wapi siku za kawaida. Anaendelea. Na kuna jambo ambalo limewadanganya hata madereva wazoefu: kihisio kinachopeleka habari kwenye geji kimekusudiwa kikae ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa, na hewa haipitishi joto kama maji yanavyopitisha. Mshale unaweza kushuka ukarudi katikati wakati huohuo injini inaungua. Dereva anauona, anashukuru, anakanyaga mafuta.

Injini nyingi zina silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ya alumini iliyokalishwa juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Vyote viwili vimebanwa pamoja kwa bolti, kwa hiyo joto likipita kiasi hedi haina pa kwenda, inapinda. Gasketi iliyo katikati inaachia. Maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka ute mzito wenye rangi ya kahawia iliyopauka, na ute huo hauwezi kuzilinda beringi za krenki shafti, ile shafti kuu ya injini. Siku tatu baadaye tunazungumza habari za kubadilisha injini. Mpira ni uleule na dakika ya kupasuka ni ileile. Bahati iliwatendea wote wawili sawasawa.

Na wengi wa wanaochemsha hawakupasukiwa na mpira. Wamekuwa wakiongeza maji ya bomba kila asubuhi na kusema gari linakunywa maji. Ndugu zangu, gari halinywi maji. Mfumo ule umefungwa. Kama yanapungua, kuna mahali yanapotokea: kwenye mpira, kwenye pampu ya maji, kwenye rejeta, au kupitia gasketi kuingia ndani ya silinda na kutoka kwenye egzosi kama moshi mweupe. Unapoongeza bila kutafuta mahali hapo unaficha dalili. Isitoshe, maji ya bomba yanaacha chokaa kwenye njia nyembamba za rejeta na yanakaribisha kutu. Kulanti imetiwa dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo huisha nguvu, ndiyo maana kitabu cha gari kinataja muda wa kuimwaga na kutia mpya. Hata kile kifuniko cha rejeta mnachokiona kidogo kina springi inayoshikilia msukumo, kwa magari mengi kama ba moja (ba ni kipimo cha msukumo) juu ya hewa ya kawaida, na msukumo huo unafanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Springi ikichoka, umepoteza nyuzi 20 za usalama, na hakuna taa itakayowaka kukuambia.

Bibi pale nyuma ameinua mkono, buti imekwama? Sawa, isukumeni kwenye safu ya dirishani.

Mafuta ya breki nitayapitia haraka ingawa yanaweza kukuua. Yanavuta unyevu kutoka hewani, ndivyo yalivyo, hata gari likiwa limeegeshwa. Kipimo cha DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishavuta maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Ukishuka mlima mrefu ukiwa umekanyaga breki, joto hilo linafikika. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila gari kushika. Dereva aliyepona atasema breki zilikataa ghafla. Watengenezaji wengi wanasema badilisha kila baada ya miaka miwili. Tunasema ajali haina kinga, na zipo zisizo na kinga kweli. Hii ninayoieleza ilikuwa nayo, ndani ya chupa ndogo.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi wenzangu na mimi hatupendi kulisema mbele ya wateja. Kugusagusa gari kupita kiasi nako kunaliharibu.

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, waliokuwa shirika la ndege la United Airlines, waliandika ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuhusu matengenezo ya ndege. Walichambua jinsi vipuri vya ndege vinavyokufa, na waligundua kwamba asilimia 11 tu vilionyesha kuchakaa kwa umri, kwa namna ambayo kuvibadilisha mapema kungesaidia. Asilimia 89 havikuwa na umri maalumu wa kufa. Na asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni kabisa, vikiwa ndiyo kwanza vimefungwa. Ule mchoro wa beseni niliowaeleza, ukiwa kamili na pande zake zote mbili, ulifaa asilimia 4 tu. Maana yake kwa fundi ni nzito: kila unapofungua kitu kizima ili kukifanya kizima zaidi, unakirudisha utotoni, kwenye siku za hatari.

Gari si ndege. Gari lina vitu vingi vinavyosuguana na vimiminika vinavyozeeka, na hivyo vina umri wake, havina mjadala. Lakini fundisho lile nililipata kwa mikono yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilibadilisha filta ya oili ya gari moja. Nilitoa ya zamani, nikafunga mpya, nikawasha injini, nikaangalia uvunguni: pakavu. Mwenye gari akaondoka. Ambacho sikukiona ni kwamba raba ya filta ya zamani ilibaki imegandamana na bloku, na raba mpya ikakaa juu yake. Raba mbili zikipandana hushika kwa muda. Kesho yake, msukumo wa oili ulipopanda barabarani, ziliteleza, na oili ikamwagika karibu yote kwa muda mfupi. Yule bwana alizima injini mara tu taa nyekundu ilipowaka, na hilo ndilo lililoiokoa. Alinipigia simu akilalamikia bahati yake: sevisi jana, leo oili iko barabarani. Nikamwambia, kaka, bahati yako haina kosa, kosa ni langu. Tangu siku ile kila filta ninayoitoa naigeuza nihakikishe raba imetoka nayo, kabla mkono wangu haujagusa kitu kingine chochote.

Kwa hiyo ninaposema matunzo simaanishi kubadilisha vitu kila mara. Sehemu kubwa ya matunzo ni macho, masikio na pua. Vuta kijiti cha kupimia oili injini ikiwa baridi na gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare. Weusi wa oili peke yake usikutishe, kwani oili ina sabuni ndani yake na kazi yake mojawapo ni kubeba uchafu. Tishika ikipungua haraka, au ikinuka petroli, au ukiona ule ute. Wala usiisubiri taa ya oili kwenye deshibodi. Taa nyekundu ile hupima msukumo, haipimi kiasi. Ikiwaka, vyuma tayari vinakaribia kusagana vikavu. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla halijatembea. Sikiliza mlio mpya, na muhimu zaidi, kumbuka ulianza lini. Mteja akiniambia "umeanza wiki iliyopita baada ya mvua, nikikata kushoto tu" amenifanyia nusu ya kazi.

Yapo machache yasiyoonekana kwa macho, na hayo ndiyo ya kufuata kitabu bila ubishi. Mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni zicheze kwa kupishana, ni mmojawapo. Umefichwa nyuma ya kifuniko, hautoi mlio unapozeeka, na kwa injini nyingi ukikatika valvu na pistoni zinagongana palepale. Raba yake inazeeka kwa miaka hata gari lisipotembea, ndiyo maana kitabu kinataja kilomita na miaka, na kinasema kitakachotangulia. Mkanda huu ndio kitu pekee kwenye injini ambacho mimi hubadilisha kikiwa bado kinaonekana kizima, na nalala vizuri.

Nirudi kwa yule bwana wa ng'ombe wa maskini, maana sijamalizana naye. Kuna jambo alikuwa nalo haki. Anayenunua gari lililokwishatumika ananunua na tabia za mtu asiyemjua. Oili ambayo mwenzake hakuibadilisha miaka minne iliyopita inamdai yeye leo. Kwake hiyo ni bahati kweli, kwa sababu hakuwa na mkono ndani yake. Na mara nyingi mwenye kipato kidogo ndiye mmiliki wa tatu au wa nne, ndiye anayelipokea gari likiwa upande wa kulia wa beseni, halafu ndiye anayeambiwa kila siku kwamba hatunzi. Hilo linaniuma.

Kwa mtu huyo nasema mambo mawili. La kwanza, kabla ya kununua, tafuta maandishi. Daftari lenye tarehe na kilomita, hata likiwa na madoa ya grisi, lina thamani kuliko rangi inayong'aa. Kama hakuna maandishi, gari lenyewe linasema. Fungua kifuniko cha kutilia oili utazame upande wake wa chini kama kuna ule ute. Angalia kama tairi zimelika upande mmoja. Soma namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 3519 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019, na muuzaji akikwambia tairi ni mpya utajua la kumjibu. La pili, pesa ikiwa haba, mpangilio ndiyo kila kitu. Kwanza vile vinavyoua watu: breki, tairi, stelingi na viungo vyake. Halafu vile vinavyoua injini: oili, maji, mkanda. Mlio wa mlango, kiyoyozi, bampa lililochubuka, hivyo vinaweza kusubiri hata mwaka. Nimeona mtu ametia redio mpya kwenye gari lenye tairi zinazoonyesha waya.

Nimalizie na swali ambalo mama mmoja aliniuliza pale mlangoni wakati naingia, na nilimwahidi kumjibu mbele ya wote. Gari lake linalala wiki nzima, naye kila asubuhi huliwasha dakika tano ili lisife. Je, anafanya vizuri?

Mama yangu, nia yako ni njema lakini acha. Dakika tano hazitoshi injini kupata joto. Kila uwakapo moto kunatengenezwa maji, na maji hayo yanabaki ndani ya egzosi baridi na ndani ya injini, yanachanganyika na oili na kuanza kutu. Betri nayo imetoa nguvu nyingi kuzungusha stata, na alteneta ikiwa kwenye mwendo wa silensa, injini ikizunguka polepole gari limesimama, haijarudisha vya kutosha, hivyo kila asubuhi betri inazidi kushuka. Liache lilale. Mara moja kwa wiki litoe, uliendeshe nusu saa barabarani hadi mshale wa joto ukae mahali pake, ukanyage breki mara kadhaa ili diski zijifute kutu, ukate kona pande zote mbili. Siku ya kurudi liegeshe mahali pasafi, na asubuhi yake, kabla hujaliondoa tena, inama utazame chini kama kuna tone, na ni la rangi gani.